Gololi Tisini na Sita

Jumatatu, 8 Julai 2024

Visi zimefika, zile parafujo za mashine! Mbili. Moja ndefu kama mtu mzima aliyelala, moja fupi kama mkono. Fadhili wa pikipiki amezileta toka Kalemie, amezifunga ubavuni kwa mipira, siku nne barabarani. Anasema pale Wamaza alianguka nazo mara mbili. Alilitaja lile la mara mbili kwa majivuno, kama mtu anayengoja chai. Nikampa chai. Bila sukari.

Mjukuu wangu wa kike, Safi, akazifungua kama anamfungua mtoto mchanga. Zinaitwa visi za gololi, kila moja na nati yake imeivaa kama pete. Atazitia kwenye mashine ya kukereza chuma ya marehemu mume wangu, Mzee Faradji, ili isiendeshwe tena kwa mkono, iendeshwe na kompyuta. Nikamuuliza ile visi ya zamani ina kosa gani. Miaka arobaini imefanya kazi, hata siku moja haikulalamika. Akasema imelika, inacheza, unazungusha mpini robo nzima kabla kitu hakijasogea. Nikamwambia babu yako alikuwa anaijua hiyo robo. Akasema, "Ndiyo Bibi. Mkono unajua kusamehe, kompyuta haijui." Watoto wa siku hizi! Wanakaa Lubumbashi miaka mitano wanarudi na methali.

Niandike mambo yalivyo. Jumamosi anakuja Aristote, yule mwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Salamabila. Anataka kuona shafti moja, ule mti wa chuma unaozungusha mashine, ikikerezwa mbele ya macho yake. Ikimpendeza, kazi zake zote zitakuja Kasongo na Safi atabaki hapa na mimi. Isipompendeza, Safi atapanda gari aende Kolwezi, kuna watu wenye kazi wanamngoja huko tangu mwezi wa tano. Basi. Sina mjukuu mwingine anayekaa nami. Wengine wanapiga simu.

Jioni Safi alikwenda kutafuta mafuta ya jenereta, akaniachia kufunga karakana. Akaniambia pia, sitaficha, nisiitoe nati kwenye ile visi ndefu. Nikadhani anaogopa nitaipoteza. Mimi! Hapa kwetu kila mtu anajua mashine hailali nzima. Tangu vita, mwenye kinu analala na mpini wake, mwenye pikipiki analala na buji yake ya kuwashia moto, hata kanisani pale juu wanakwenda nyumbani na waya wa kinanda. Mwizi akija anakuta nusu, na nusu haina kazi. Mzee Faradji alilala na chuma chini ya mto miaka yote ya ndoa yetu, zamu yangu na zamu ya mke mwenzangu Hidaya. Kwa hiyo nikaishika ile visi, nikaiinamisha kidogo nione nati inatokaje.

Nati haikuhitaji kufunguliwa. Iliteremka yenyewe! Taratibu, bila haraka, kama mtu anayeshuka mlima ameshiba. Ikafika mwisho. Ikatoka. Na ndani yake zikamwagika gololi, ndogo ndogo, kama tasbihi iliyokatika uzi. Zikaingia chini ya meza, zikaingia ndani ya vumbi la chuma. Nyingine zikafuata kile kitundu cha maji ukutani, zikahamia uani kwa Hidaya.

Nimeokota mpaka magharibi. Sabini na moja. Sijui zilikuwa ngapi.

Nimekwisha.

Jumanne, 9 Julai

Visi ndefu nimeiviringisha ndani ya mkeka, nimeipandisha juu ya dari. Safi kuuliza iko wapi, nikasema iko salama, nzima, imelala kwangu. Nikaongeza kwamba Jumanne haifai kuanza kitu kirefu. Babu yako hakuanza kazi ndefu Jumanne hata mara moja. (Mzee alianza kila kitu Jumanne. Hata mimi alinioa Jumanne.) Safi akacheka, akaanza na ile fupi. Anaipima na kitu kama saa ndogo yenye sindano. Anasema ikikaa upande hata kwa unene wa unywele, itakaza na kujila yenyewe. Saa tatu nzima anasogeza chuma ambacho mimi sikioni kikisogea.

Nikamuuliza kwa werevu, kama mtu anayeuliza habari za mvua, nati kama ya ile ndefu inakula gololi ngapi. Tisini na sita. Akauliza nataka kujua ya nini. Nikasema nilitaka kujua kama zinapita tasbihi yangu. Hazipiti, zimepungua tatu. Akasema, "Bibi, leo uko na maneno."

Tisini na sita! Basi ishirini na tano bado zinatembea duniani.

Mpango: sumaku. Jean-Pierre mtengeneza redio ana sumaku ya spika, pana kama sahani. Nikamwambia ni ya magoti, inavuta maumivu. Akaniazima kwa huruma kubwa. Safi alipokwenda kula nikaiburuza karakana nzima. Ilivuta! Ilivuta vumbi la chuma la miaka arobaini, misumari, sindano iliyopotea mwaka wa harusi ya binti yangu, na ufunguo wa sanduku tulilolivunja kwa kukosa ufunguo. Ikaota ndevu kama beberu. Nikazichambua zile ndevu kwa vidole, unywele kwa unywele. Gololi kumi na moja. Vidole vyote damu.

Themanini na mbili.

Jioni Hidaya akapita mlangoni ameshika goti, anauliza kama nimemaliza na ile sumaku, naye anaumwa. Yule Jean-Pierre hatengenezi redio. Yeye mwenyewe ndiye redio.

Jumatano, 10 Julai

Nimeona kwa macho yangu! Asubuhi nilikuwa nimelala kifudifudi nachungulia kwenye kitundu cha ukuta. Kuku wa Hidaya, yule mwekundu asiye na manyoya shingoni, anadonoa kitu kinachong'aa. Akameza. Akanitazama. Akadonoa kingine.

Ningepaswa kujua. Kuku anatafuta changarawe ya kusagia chakula tumboni, na changarawe gani duniani nzuri kama zile?

Hidaya anao watatu. Nikaenda kuwanunua, wote, kwa bei yake. Akakataa. Akasema kuku wake si wa sokoni, na tena mimi ndiye niliyesema sikukuu ya mwaka juzi, mbele ya wageni, kwamba nyama yao haitafuniki, ni kamba. Ni kweli nilisema. Ni kweli pia ilikuwa kamba.

Nikarudi nikiwa sina mbele wala nyuma. Safi amemaliza visi fupi, inazunguka bila sauti, unaisukuma kwa kidole kimoja. Anafurahi! Anaimba! Akasema kesho nimtolee ile ndefu. Nikasema kesho haiwezekani, kuna hitima. Hitima ya nani? Nikausikia mdomo wangu ukijibu: ya babu yako.

Mpango wa pili umejizaa wenyewe. Nikavaa uso wa msiba, nikaenda kwa Hidaya, nikamwambia nimemwota Mzee ametununia sisi wawili kwa ugomvi wetu. Tumsomee hitima pamoja. Ua wako, wali wangu, kuku wako. Hidaya akalia. Akanishika mikono yote miwili akaniita Dada Mkubwa, neno ambalo sikuwa nimelisikia tangu siku ya kumzika Mzee. Akasema wachinjwe wote watatu. Na mimi nikalia kidogo.

Kwa ajili ya zile gololi.

Alhamisi, 11 Julai

Hitima imesomwa. Mwalimu wa msikiti alikuja na wazee wanne, wote wana njaa.

Kwetu firigisi ni ya mwanamume mkubwa wa shughuli. Mwanamke akiila, atasemwa mpaka Nyangwe. Kwa hiyo nikatangaza kwamba firigisi za Mwalimu nitazisafisha mimi, kwa heshima. Watu wakasema huyu mama amebadilika. Firigisi ya kwanza: gololi sita! Ya pili: tatu! Mikono ilikuwa na kisu na damu, sikuwa na mahali pa kuzitia, nikazitia mdomoni. Mtu akinisalimu, naitikia kwa kichwa.

Nikageuka kuchukua ya tatu. Hidaya ameshaipasua. Anapiga kelele.

Ndani yake tano. Zimesuguliwa na tumbo la kuku mpaka zinang'aa kama lulu. Watu wakajaa jikoni. Hidaya akasema ni Mzee. Mzee ameipokea hitima, amemletea zawadi yeye, ndani ya kuku wake yeye. Tano, sawa na swala tano! Mwalimu akasema Mungu ndiye ajuaye, akauliza kama firigisi itachelewa.

Nilitaka kusema hizo ni zangu. Nina tisa mdomoni. Ningesemaje? Nikatikisa kichwa kwa nguvu. Hidaya akawaambia watu tazameni, hata Dada Mkubwa ameishiwa maneno.

Amezifunga kwenye pembe ya kitenge chake, mafundo matatu. Jioni hii nimejikuta na wivu. Mzee hakuwahi kuniletea mimi kitu ndani ya kuku. Wivu wa gololi zangu mwenyewe! Hivi ndivyo mtu anavyopata wazimu.

Tisini na moja.

Ijumaa, 12 Julai

Kesho ndiyo kesho. Safi alikwenda asubuhi kwa Jean-Pierre kuunga waya, nikashusha visi, nikafunga mlango. Niliwaza hivi: zilitoka, zitaingia. Ile nati ndani ina mifereji inayozunguka kama gamba la konokono. Nikapaka mafuta ya mawese ili zishike. Tisini na moja zikaingia vizuri. Nikaileta nati kwenye visi, arobaini zikatoka. Nikarudia. Zikatoka hamsini. Nikarudia, zikatoka zote, na moja ikanigonga jino. Nikaipiga ile nati makofi.

Halafu nikaitazama tasbihi yangu. Punje za plastiki, unene karibu uleule. Zimepungua tano kwenye nati, na hapa ziko tisini na tisa... Mungu anisamehe. Nikakata uzi.

Safi akasukuma mlango. Akasimama. Akanusa. Akasema, "Bibi, unapika nini ndani ya nati?"

Nikasema wezi. Nikasema kuku. Nikasema Fadhili alianguka nayo Wamaza, mara mbili, yeye mwenyewe amekiri!  Safi aliketi juu ya ndoo, akafunika uso kwa mikono. Ningependa anitukane. Nilimlea tangu ana miaka minne, nazijua kelele zake zote. Huu ukimya sikuujua.

Baadaye akachukua nati, akatoa punje za tasbihi kwa ncha ya kisu, tano, akaziweka kiganjani mwangu. Akasema kama ningemwambia Jumatatu, ingekuwa kazi ya mchana mmoja.

Mchana mmoja!

Akaziosha gololi kwa petroli. Akasema sasa anataka kibomba chembamba, kiwe sawa na kiini cha visi. Nati ikae juu yake wakati wa kuzipanga, kisha kibomba kigusane na visi na nati ihamie bila gololi kupata pa kutokea. Hapo ndipo nilipokosea, ndiyo siri yenyewe. Kuna kimoja kilikuja na nati toka kiwandani, kimepotea njiani. (Wamaza! Nilisema!) Akauliza tutakipata wapi Kasongo leo. Nikatoka nikaenda kwenye mpapai, nikakata vikonyo vya majani, vile vyenye uwazi ndani. Tukajaribu vitano. Vinene, vyembamba. Cha sita kikaingia sawasawa, utadhani kimekerezwa. Safi akatabasamu, mara ya kwanza leo.

Tukapanga. Yeye anapaka grisi, mimi nampa gololi, moja moja. Tulikaa hivyo saa mbili. Sijui kwa nini naandika hili, lakini zilikuwa saa nzuri.

Zikabaki nafasi tano. Akaniuliza tano ziko wapi. Nikamweleza: hizo hazipatikani, nimeshazunguka kila njia. Labda Hidaya akienda kuoga, mmoja apige kelele ya moto, mwingine achukue kitenge... Safi akanyanyuka katikati ya maneno yangu. Akaenda nyumba ya pili. Namsikia. Anasema, Bibi Mdogo, naomba zile gololi tano, ni za mashine. Hidaya akafungua mafundo akampa.

Basi! Hivyo tu! Aliomba!

Hidaya akaja mpaka mlangoni, akasema kama ni za mashine ya Mzee, basi si uongo, ni Mzee kweli aliyezileta. Nikamsogezea ndoo akae. 

Jumamosi, 13 Julai

Aristote amefika na simu tatu na kofia moja. Hakukaa. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kusema hapana.

Jenereta ikanguruma. Safi akaandika namba kwenye kompyuta, akabonyeza. Na kile kigari kinachobeba kisu cha mashine kikaondoka. Chenyewe! Kikaenda, kikasimama, kikarudi, kikasogea kidogo kama unene wa kucha, kikaenda tena. Chuma kinatoka kama nywele zinazosukwa. Nilijikuta natafuta mkono wa Mzee kwenye mpini. Hata mpini haupo tena.

Aristote alipima shafti mara tatu. Akazima simu zote. Akauliza, "Huyu mutoto iko na mikono gani?" Nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika, Hidaya akavidaka vyangu akaendelea. Tumeshinda! Anabaki!

Nilikuwa jikoni naongeza sukari kwenye chai yake, vijiko vinne, niliposikia sehemu ya pili. Aristote anasema kazi zije Kasongo ya nini, kama fundi anaweza kuzifuata kazi? Kule Salamabila ana mashine tatu za kukereza, zimelala, zote za mkono. Aje azifanye kama hii. Aondoke Jumatatu na Fadhili. Miezi sita, labda mwaka.

Niliuona uso wa Safi. Uliwaka.

Yaani angeshindwa, angekwenda Kolwezi. Ameshinda, anakwenda Salamabila. Na mimi nimechinja kuku, nimekata tasbihi, nimejaza gololi mdomoni, kwa ajili ya hili.

Chai niliinywa mwenyewe.

Jumapili, 14 Julai

Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Safi akaja akanipokea mchi, akatwanga yeye. Akasema Aristote bado hajamjibu. Akasema kazi za hapa zinatosha, za vinu na pikipiki na baiskeli, si nyingi kama za dhahabu lakini mtu hawezi kufa. Akasema anaweza kubaki. Ila anataka nimwambie mimi kwamba namtaka abaki. Kwa mdomo wangu, neno moja. Akasema, "Sema tu, Bibi. Mimi nitasikia."

Nilitazama sombe. Nilitazama ukuta. Neno lilikuwa pale, nalihisi kooni, dogo, mviringo.

Nikasema nani amekushika? Nenda. Msichana aliyesoma hakai kuhesabu kikohozi cha mzee.

Akangoja. Akatwanga kidogo tena, ingawa sombe ilikuwa imeshalainika. Kisha akaweka mchi chini, akaenda kukunja nguo zake.

Hidaya alikuwa nyuma ya ukuta, anasikiliza kama kawaida yake. Akapaza sauti kwamba hajaona mwanamke mpumbavu kama mimi kutoka Lualaba mpaka ziwani. Nikamwambia aende akalishe kuku wake. Akanikumbusha kwamba hana.

Niombe? Mimi, Mwamvita? Watu wanaomba wakikosa akili, na mimi akili ninayo. Nimeshapita kwa Fadhili. Nimemwambia safari imesogea mpaka Alhamisi, Safi mwenyewe ndiye aliyenituma. Kufika Alhamisi nitakuwa kitandani, nimelala, sigeuki. Ugonjwa nimeshauchagua. Nilifikiria tumbo, lakini tumbo watu wanalibonyeza. Nimechukua wa moyo. Hauonekani kwa macho, hakuna muuguzi wa kunibishia, na mtoto hatajua chochote.